Uyoga wa Mwarobaini na Miguu ya Mama

Miguu ya mama yangu ilikuwa kazi yangu, na sikuwa tayari kumwachia mtu. Tangu ianze kumvimba, kila jioni nikishafunga kibanda changu cha khanga pale Kariakoo nilikuwa narudi nyumbani moja kwa moja, nachemsha maji, natia chumvi, naweka beseni mbele ya kitanda chake na kumkanda mpaka maji yapoe. Watoto wake tuko wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume, na yeye ni dereva wa malori yanayoenda Tunduma. Miguu ya mama alikuwa anaiona kwenye simu. Mimi ndoa yangu ilishavunjika zamani, mtoto sikujaliwa, nikarudi kwenye chumba changu cha usichana. Kwa hiyo mtu akiniuliza nina nini hapa duniani, jibu nilikuwa nalo: nina mama, na mama ananihitaji.

Mdogo wangu alipooa, mke alimtoa Newala, akamleta nyumbani akae na sisi wakati yeye yuko safarini. Nilimpokea wifi yangu kwa roho safi kabisa, kwa sababu nilijua kitakachofuata. Mkwe na mama mkwe chini ya bati moja, nani asiyejua? Nilijiandaa kuwa msuluhishi. Hata maneno nilishayapanga: mama, mvumilie, bado mtoto huyu, wifi, mvumilie, yule ni mtu mzima. Nikasubiri wagombane. Mwezi ukaisha, Ramadhani ikaingia ikatoka, wao wanapendana tu.

Alianza na chai. Mama akasema chai ya mkwe wake ina tangawizi ya kutosha, kana kwamba mimi miaka yote nilikuwa nampa maji ya moto. Kisha akaanza kumsuka. Kisha mama akaacha kumwita “mkwe wangu” akawa anamwita “mwanangu”, na mara nyingine akiita “mwanangu” uwani tulikuwa tunaitika wawili. Watu husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Nikajipa moyo kwamba unyemi utapita.

Halafu kulikuwa na suala la vumbi. Nyumba yetu ni ya vyumba sita, moja ya nyumba chache za chini zilizobaki mtaani kwetu. Kulia ghorofa, kushoto ghorofa, mbele wanachimba msingi wa ghorofa. Uwani, nyuma ya dirisha la mama, kulikuwa na mwarobaini mkubwa, na chini yake mama alikuwa anatandika mkeka wake akichambua mchele au mboga. Masika ya mwaka huo yalipoisha, kila asubuhi nilikuta vumbi la kahawia limetanda kwenye mkeka, kwenye ndoo, mpaka kwenye kizingiti cha dirisha. Vumbi laini sana, ukiligusa linabaki kidoleni. Nikamwambia wifi yangu kwamba hapa mjini uwanja unafagiwa, haupapaswi. Akasema, “Sawa wifi,” akachukua fagio la chelewa, akafagia. Kesho yake vumbi lipo. Nikasema tena. Nilikuwa nafurahia kidogo, maana angalau kwenye ufagio nilikuwa nimempata.

Jioni moja nilirudi na kukuta pazia la chumba cha mama limeshushwa, na ndani watu wanacheka. Mama yangu si mtu wa kucheka ovyo. Nikafunua pazia. Mama amekaa kitandani, miguu iko ndani ya beseni langu, maji mekundu kama chai ya rangi, na wifi yangu amepiga magoti anamkanda. Mama alikuwa anasimulia kitu huku anafuta machozi ya kicheko. Waliponiona, hadithi ikakatika.

“Umerudi,” mama akasema. “Leo pumzika, mwenzio ameshanikanda.”

Wivu ulinipanda. Kama ningemkuta mtu amevaa nguo zangu nisingejisikia vile. Nikauliza maji hayo yana nini.

“Uyoga, wifi,” akajibu. “Ule wa kwenye mti. Kwetu mtu akivimba miguu tunachemsha maji yake tunamkandia.”

Akanitoa nje kunionyesha. Kwenye shina la mwarobaini, chini kabisa, upande unaoangalia ukuta, kulikuwa na vitu vimejitokeza kama sahani zilizochomekwa kwenye gome. Vingine vidogo kama kiganja, kimoja kikubwa kama ungo wa mtoto. Juu vinang’aa rangi ya kahawia yenye wekundu, kama mbao iliyopakwa vanishi, na ukingoni vina mstari mweupe. Nilikuwa napita hapo kila siku kwenda chooni na sikuwahi kuinama. Wifi yangu akautaja kwa lugha ya kwao, jina ambalo sikuweza kulishika. Nikagonga kimoja kwa ukucha. Kigumu kama ubao.

“Hii ni sumu,” nikasema. Sikuwa na ushahidi wowote.

Tukarudi ndani nikamwambia mama hivyo hivyo. Mama akainua mguu mmoja kutoka kwenye beseni. “Sumu gani? Tazama kifundo kinavyoonekana.”

Ni kweli kifundo kilikuwa kinaonekana. Lakini wiki ile ile mama alikuwa ameanzishiwa vidonge vipya vya presha, na aliyekaa foleni ya kliniki tangu alfajiri kuvichukua ni mimi. Sifa zote zikaenda kwa uyoga. Nikamkumbusha habari ya vidonge. Mama akasema vidonge navyo vimesaidia, kwa sauti ile ambayo mtu anamsifia mtoto kwa kuleta kijiko.

Kuanzia hapo miguu ikawa si yangu tena. Nikirudi, nakuta kazi imeisha. Nikiwahi, naambiwa pumzika. Nilikuwa nakaa chumbani kwangu nawasikia upande wa pili wa ukuta, mama anasimulia na yule anauliza, “Ikawaje?” Sauti ya mama inapanda, inashuka, kisha wote wanacheka. Mimi miaka yote nilimkanda mama yangu na mama yangu alikuwa ananyamaza kimya. Nilikuwa nadhani ndiyo raha yenyewe.

Mtu wa pwani akikasirika na mtu wa nyumbani hapigi kelele. Anajifunga khanga. Na mimi khanga ndiyo kazi yangu, sikuhitaji kwenda mbali. Nikapekua mzigo mpaka nikapata yenye maandishi yaliyonifaa: HATA UJIPENDEKEZE NYUMBA SI YAKO. Nikaikata doti, kipande kimoja nikajifunga, nikatoka uwani nikawa napita mbele ya wifi yangu kwenda na kurudi, nimehakikisha maandishi yako nyuma sawasawa. Mwanamke yeyote wa Kariakoo angeingia ndani akalia, au angetafuta ya kwake ya kunijibu.

Wifi yangu akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi. “Wifi, rangi imekukaa hiyo,” akasema. “Nzuri sana.”

Mama aliyekuwa kwenye mkeka akauliza kipande cha pili kiko wapi. Nikasema kipo ndani. Akaniambia nimpe mwenzangu, amekipenda. Ningefanya nini? Nikakileta. Kesho yake wifi yangu akajifunga, na mimi sikuwa najua, nikawa nimejifunga changu. Tukatoka wote barazani kununua mkaa. Jirani wa ghorofa ya kushoto akatuona tumevaa jina moja, na kwetu wanaovaa jina moja ni watu waliopendana. “Mashallah,” akasema, “mawifi wameshona sare.” Nilirudi ndani nikavua.

Basi nikaona hakuna njia ila moja. Nijue ule uyoga ni nini. Nilitaka uwe sumu. Isiwe sumu ya kumdhuru mama, Mungu apishe mbali, iwe sumu ya kiasi cha kumfanya aseme, “Kumbe mwanangu ulikuwa unajua.” Nikavunja kipande, kazi haikuwa ndogo, nilitumia mchi wa kinu. Nikakifunga kwenye mfuko nikaenda nacho Kariakoo.

Wauza dawa za miti hawako mbali na kibanda changu, na tunajuana. Wa kwanza alikishika, akakipima uzito mkononi, akasema ni dawa ya nguvu za kiume. Nikamwambia mgonjwa ni mama yangu. Akasema basi inafaa pia kwa mgongo. Wa pili, mama mtu mzima aliyejifunga ushungi mweusi, akasema ni ya wanawake wasioshika mimba, akaniangalia kwa huruma ambayo sikumwomba. Wa tatu akasema si uyoga hata kidogo, ni utomvu wa mti uliokauka. Nikamwambia utomvu hauoti ukingo mweupe. Akasema, “Dada, kama unajua kwa nini unaniuliza?” Nikaondoka nimevimba kuliko miguu ya mama.

Nilipokaa kibandani ndipo nikagundua kitu. Wote watatu waliangalia juu, pale panapong’aa. Hakuna aliyegeuza. Mimi mteja akiniletea khanga aliyouziwa mahali na kuniuliza kama ni nzuri au ni feki, kitu cha kwanza nageuza. Juu kila khanga ni nzuri. Chini ndiko rangi inakoonekana kama imeingia au imepakwa. Nikakitoa kile kipande nikakigeuza.

Chini kulikuwa kweupe kama maziwa. Uyoga wa kula una mikunjo kama marinda, na nilitegemea kuiona. Huu haukuwa na marinda. Ulikuwa na vitundu, vidogo kiasi kwamba nilihitaji miwani yangu ya kusomea, vingi, vimepangana kama kitambaa cha wavu. Nikapitisha ukucha. Pale ukucha ulipopita weupe ukawa kahawia hapo hapo, mbele ya macho yangu. Nikachora mstari mwingine, ukatokea. Nikawa nimeacha wateja wanasimama.

Mmoja wa waliosimama alikuwa mwalimu wa baiolojia, mteja wangu wa muda mrefu, alikuja kuchagua khanga za sendoff ya mdogo wake. Akauliza ninachora nini. Nikamwonyesha. Akakipindua, akakinusa, akauliza kimetoka kwenye mti gani, mti mzima au uliokufa, juu au chini kwenye shina. Hakuna muuza dawa aliyeniuliza mti.

“Mwarobaini,” nikasema. “Mzima, una majani. Umeota chini kabisa.”

“Una vumbi?”

“Vumbi gani?”

“La kahawia. Laini, kama kakao.”

Nilikuwa na vumbi la kahawia la miezi.

Akaniambia nisikubali kwa kuambiwa, nihakikishe. Nivunje kipande kibichi, nikilaze kwenye karatasi nyeupe, vitundu vikiangalia chini, nikifunike na bakuli mpaka asubuhi. Nilifanya hivyo chumbani kwangu bila kumwambia mtu. Asubuhi nilipofunua, karatasi ilikuwa na duara la unga wa kahawia, kama mtu amechekecha kakao. Nikagusa. Ukabaki kidoleni. Lilikuwa vumbi la mkeka, vumbi la ndoo, vumbi la kizingiti. Wifi yangu alikuwa anafagia vizuri tangu siku ya kwanza.

Sikumwomba radhi. Niseme tu ukweli, niliona kwanza nimalize uchunguzi.

Nikaupiga picha uyoga nikamtumia mwalimu: juu, chini, mstari wa ukucha, karatasi, na shina lenyewe. Akapiga simu. Akasema dalili zote zimekutana, ni jamii ya uyoga mgumu unaokaa kwenye miti, unaong’aa juu na kumwaga unga wa kahawia. Nikamuuliza swali langu.

“Ni sumu?”

“Kwa kukandia miguu sidhani kama una madhara. Asiunywe tu bila kumuuliza daktari.”

“Hata kidogo?”

“Ungependa uwe sumu?” akauliza, akacheka. Mimi sikucheka. Ndipo akaniambia, “Dada, acha habari ya uyoga. Angalia mti. Huo ukiota chini kwenye mti mzima, maana yake unakula moyo wa mti. Hicho unachokiona nje ni tunda tu. Mwenyewe yuko ndani, amekaa siku nyingi. Mti uko karibu na nini?”

Nilitazama. Mti uko karibu na dirisha la mama, na umeinama upande wa dirisha la mama.

Nikachukua mchi nikaenda kugonga shina. Upande wa juu ulijibu kama mti. Chini, sehemu ya uyoga, ulijibu kama pipa tupu. Mwarobaini, mti tunaoambiwa unatibu maradhi arobaini, ulikuwa unaumwa ndani na hakuna aliyejua. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilisimama pale na mchi wangu, na ingawa nilikuwa na hofu, sikosi kusema kwamba nilikuwa pia na furaha. Nilikuwa nimepata jambo kubwa kuliko sumu. Nilikuwa nimeokoa maisha ya mama.

Nikawakusanya. Nikaeleza yote kwa mpangilio, vitundu, ukucha, unga, mlio wa pipa. Mama alisikiliza huku anautazama mti. Mdogo wangu kwenye simu akasema ukatwe mara moja, atatuma chochote. Wifi yangu akasema, “Wifi ana akili sana,” na hata hilo lilinikera, kwa sababu alimaanisha.

Mjumbe akaarifiwa, serikali ya mtaa ikatoa ruhusa, wakaja vijana na msumeno wa mashine. Wakaanza na matawi, wakashusha kwa kamba, kwa sababu uwanja wenyewe ni kiganja. Mtaa mzima ulijaa mlangoni kwetu. Walipofika kwenye shina la chini, msumeno ulizama kama kwenye boga bovu. Gogo lilipoanguka tukaona: ganda la mti mzima nje, na ndani uwazi wenye vitu vyeupe vilivyolowa, unavinyofoa kwa vidole kama mkate uliomwagikiwa maji. Fundi akaniambia upepo mmoja tu wa kusi ungemaliza mchezo.

Nilikuwa nasubiri. Jirani wa ghorofa ya kushoto akasogea, akaingiza mkono kwenye lile tundu, akautoa, akamgeukia mama.

“Shoga, shukuru Mungu kwa mkwe uliyepata,” akasema. “Asingeuona ule uyoga mngefukuliwa humu.”

Wote wakaitikia. Wakamshika wifi yangu mkono, mmoja mmoja. Wifi yangu akasema, “Ni wifi aliyechunguza,” na wao wakasema, “Tazama na adabu alivyo nayo.” Niliingia jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Lakini kitu kimoja kilinipa nguvu. Mti ukienda, uyoga unakwenda. Magogo yalibebwa na mkokoteni siku ile ile, na uyoga wote ukabebwa nayo. Hakukuwa tena na maji mekundu. Miguu ingerudi kwa mwenyewe.

Siku chache baadaye wifi yangu alikwenda Buguruni kumtazama ndugu yake. Nikafunga kibanda mapema. Nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikaweka beseni. Mama akaingiza miguu. Chumba kilikuwa na mwanga ambao sikuuzoea, kwa sababu dirisha lilikuwa halina tena kizuizi. Nikaanza kukanda. Mama alikuwa anatazama nje, kimya.

Nilivumilia. Kisha nikashindwa.

“Mama, mbona huongei?”

“Niongee nini?”

“Ukiwa na wifi unaongea. Mnacheka mpaka nasikia chumbani.”

Mama akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. “Yule hajui kitu,” akasema. “Hakumkuta baba yako, hakuikuta nyumba ilivyokuwa. Inabidi nimweleze.”

“Na mimi?”

“Wewe unajua.” Akasogeza miguu ndani ya maji. “Na wewe nikisema mtu alikuja na shati la bluu, unasema lilikuwa la kijani. Nikisema Alhamisi, unasema Ijumaa. Mpaka tumalize habari ya siku, nimeshasahau nilichotaka kusema. Basi nanyamaza.”

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema chai ina sukari. Mikono yangu ikawa imesimama ndani ya maji, na niliona aibu kuiendesha na aibu kuitoa. Miaka yote nilikuwa nadhani ile ni raha, kumbe alikuwa ananisubiri nimalize.

“Nisimulie habari ya ule mti,” nikasema. “Baba alivyoupanda.”

“Ule mti?” Uso wake ukafunguka. “Baba yako alikuja nao jioni kutoka Mnazi Mmoja, mche mdogo hivi, kautia kwenye kopo la maziwa...”

“La mafuta ya kupikia,” nikasema.

Ulimi ulitangulia. Niliyasikia maneno yakiwa yameshatoka. Mama akacheka, akanigusa kichwani kwa mkono.

“Umeona?” akasema. “Haya, niendelee nini, na wewe ulikuwepo?”

Nikainamisha kichwa nikakanda. Maji yakaanza kupoa. Ndipo tukasikia hodi, wifi yangu amerudi kutoka Buguruni na mfuko wa machungwa. Akanisalimu, “Shikamoo wifi,” nikaitikia. Mama akamwambia, “Njoo mwanangu,” na mimi nikasogea kabla sijaambiwa. Nikakaa kizingitini. Akapiga magoti, akaingiza mikono, akaongeza maji ya moto kutoka kwenye chupa. Mikono yake inakwenda polepole, haina haraka ya kufika popote. Niliitazama kwa wivu wote nilionao.

“Mlikuwa mnazungumza nini?” akauliza.

“Habari za mti,” mama akasema.

“Enhe. Ikawaje?”

Na mama akaanza upya. Baba akaja jioni kutoka Mnazi Mmoja, mche uko kwenye kopo la maziwa. Wakachimba shimo nyuma ya dirisha, mchanga mtupu, mche kila wakiuweka unalala. Wifi yangu akauliza wakafanyaje. Mama akanionyesha kwa kidevu pale kizingitini.

“Huyu hapa,” akasema. “Mdogo kabisa. Akaushika ule mche kwa mikono miwili usimame wima, baba yake anafukia. Mvua ikaanza kunyesha, tukamwambia ingia ndani, akakataa. Hakuuachia mpaka baba yake alipomwambia umeshashika, mwanangu, inatosha.”

Wifi yangu akanigeukia, mikono yake bado iko kwenye miguu ya mama. “Kweli, wifi?”

Aliyeushika mche siku ile ni mdogo wangu, mume wake. Mimi nilikuwa chuoni, kwenye Kurani. Niliporudi nikaukuta umeshapandwa, yeye amelowa matope, mama anamfuta kwa khanga na kumsifu, na nililia mpaka nikanyimwa chakula.

“Kweli,” nikasema, nikasogea karibu nisikie vizuri.